Kijiti Kifupi cha Mama Mkubwa

Pale redioni kwetu Kasongo kila mtu anazijua hasira zangu mbili. Ya kwanza ni mtu kuweka kikombe cha chai juu ya meza ya kompyuta. Ya pili ni mtu kuniletea simu yake iliyopasuka kioo, ati kwa kuwa mimi ni "mutu wa mashine". Simu sijui kutengeneza na sitaki kujifunza. Kazi yangu ni kukaa kwenye meza ya sauti wakati wa vipindi, na vipindi vikiisha kuandika katika jedwali ujumbe wote ulioletwa na wasikilizaji: siku, kipindi, namba ya simu, na maneno yenyewe. Ujumbe mmoja, mstari mmoja. Ndivyo nilivyokuta, ndivyo nilivyoendelea.

Jedwali hilo nilikuwa nalivumilia tu, hadi nilipojua kwamba ndani ya kisanduku chake kimoja unaweza kuandika Python, lugha ya kuiagiza kompyuta. Nilijifunza kidogo katika mafunzo ya mjini, mengine nikayapata mwenyewe kwa video nilizozipakua mtandao ulipokuwa na moyo mwema. Unaandika alama ya sawasawa, kisha herufi mbili, P na Y, unafungua mabano, na kisanduku kinakuwa kingine. Toka hapo unakiagiza kama unavyomwagiza mtu anayekwenda sokoni: chukua safu hii, ondoa mistari mitupu, panga kwa kipindi, hesabu, halafu nichoree. Na kweli kinachora! Siku kiliponichorea mara ya kwanza nilipiga kelele hadi fundi wa mnara akaingia na bisibisi mkononi, akidhani umeme umenipiga.

Ajabu yake ni kwamba hesabu haifanyiki pale mezani. Inapanda kwenye dishi la satelaiti, inakwenda kwenye mashine za nchi ambazo sitazifikia, inapikwa huko, inarudi imeiva. Ikichelewa, kisanduku kinaandika neno la Kiingereza la kusema kwamba kina shughuli. Wenzangu walilipenda sana neno hilo. Hata leo ukimwita mtu pale redioni na hataki kuinuka, anakujibu, "Kisanduku iko na kazi."

Sasa, dishi hilo na mnara wa redio vinakula kwenye batri zile zile, na batri zinakula jua. Batri zetu zilikuwa zimezeeka. Ikifika jioni zinalegea, sauti ya redio inaanza kukatika, na watu wa kata za mbali wanatutukana kwa kuwatesa. Mkurugenzi wetu, mwalimu mstaafu anayependa kila kitu kiwe kwenye foleni, akatwambia mpaka batri mpya zipatikane lazima tupunguze angalau saa moja ya matangazo kwa juma. Kipindi kimoja kitoke. Na yeye hataki kuonekana anachagua kwa upendeleo. Akanigeukia.

"Weye binti, ile Python yako ituonyeshe kipindi gani watu hawasikilize."

Nilifurahi, sitasema uongo. Kwa mara ya kwanza mtu hakuniletea simu.

Lazima hapa niseme habari za mama mkubwa. Ni dada mkubwa wa mama yangu, na ninakaa kwake tangu nilipoanza kazi. Aliolewa Lusangi, upande wa Kabambare, akaishi huko miaka yake ya ujana na ya utu uzima, na alipofiwa na mumewe akarudi Kasongo na vitu viwili vya maana: kinu chake, na sauti. Sauti ya mama mkubwa ni ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto bila kupiga kelele. Redio ikampa kipindi cha alasiri, mara tatu kwa juma, cha salamu kati ya watu wa Kasongo na watu wa Kabambare. Anafungua na "Asalaam aleikum" kwa Waislamu wenzake, anafuatisha "Bwana asifiwe" kwa Wakristo, kisha anawasalimu wote kwa Kibangubangu asije akabaki mtu mlangoni. Halafu anaanza kusoma.

Ujumbe wake unafika kwa kila njia. Mwingine ni mesaji ya simu, mwingine ni mtu anapiga na mimi naandika, mwingine unaletwa na mwendesha pikipiki kutoka Salamabila, kule kwenye machimbo ya Kabambare, karatasi imekunjwa ndani ya kofia yake ili isilowe. Na wote unaanza vile vile: "Mama wa redio, tunakusalimia sana, uko muzima? Sasa tusalimie..." Hapo ndipo majina yanapoanza. Mimi maneno hayo ya mwanzo nilikuwa naandika kwa haraka tu. Ni kama kubisha hodi: mtu hasimami kuisifu hodi.

Basi nikatengeneza hesabu. Nilijua watu wangesema mwamba ngozi huvutia kwake, maana kila mmoja pale anajua ninakula ugali wa nani. Kwa hiyo nikaamua kwamba sitavuta hata unyuzi. Niliagiza jambo moja jepesi: hesabu mistari ya kila kipindi, chora. Jua lilikuwa kali, kisanduku hakikuwa na shughuli nyingi, mchoro ukarudi upesi. Vijiti vimesimama sambamba. Kirefu kuliko vyote kilikuwa cha muziki wa jioni, kipindi cha mtangazaji wetu anayevaa miwani nyeusi hata siku ya mvua. Kilifuata cha mpira, kisha cha afya, kisha cha kilimo. Na pale mwisho, kimejikunja, kilikuwa kijiti kifupi kuliko vyote.

Nilikitazama kwa muda. Nikaagiza tena, nikidhani nimekosea. Kikarudi kile kile.

Mkurugenzi akachapisha mchoro, akaubandika kwenye mlango wa studio na gundi. Mama mkubwa alipofika alasiri akausoma kwa kidole, kijiti kimoja kimoja, mpaka mwisho.

"Hii kijiti kifupi ni ya nani?"

"Iko ya kwako, mama mukubwa."

"Ya miye?" Akainama kukiangalia vizuri. "Maskini. Hakijakula tangu asubuhi."

Kila mtu akacheka, na yeye akacheka kuliko sisi. Mtangazaji wa muziki akampa pole na kumwambia angempunguzia kidogo kwenye kijiti chake kama ingewezekana. Mama mkubwa akamjibu abaki nacho, kitamsaidia kutembelea akizeeka. Lakini jioni ile nyumbani alinipakulia sombe ya majani ya muhogo bila kunitania hata neno moja, na mama mkubwa asiponitania juu ya kiasi ninachokula, nyumba inakuwa ya mtu mwingine. Nikamuuliza kama amenikasirikia.

"Siwezi kukasirikia hesabu," akasema. "Ile ni hesabu. Nawaza tu, wale watu wa Kabambare sasa watasalimiana wapi?"

Kutoka kwetu hadi Salamabila barabara ni ya pikipiki na ya maombi; mvua ikinyesha, inakuwa ya maombi peke yake. Kuna mchimbaji kule ambaye mama yake yuko Kasongo na simu haina mtandao shimoni wala kambini. Kuna mke yuko Kabambare na mume anauza vitu Nyangwe. Waraka ni nusu ya kuonana, wanasema wazee, na kwa watu hawa waraka wao ulikuwa sauti ya mama mkubwa. Nilimwelewa. Nilijisikia vibaya, na nikala sombe yote hata hivyo.

Mkutano wa kukata kipindi ulipangwa Jumamosi. Ijumaa alasiri tukaingia studio, mimi kwenye meza ya sauti, yeye upande wa pili wa kioo, tukijua huenda ni mara ya mwisho. Akaisoma karatasi ya kwanza, iliyotoka Salamabila. Mimi nikaweka wimbo chini ya sauti yake, polepole, kama ninavyofanya siku zote, tayari kuupandisha akimaliza.

Hakumaliza. Majina siyaandiki humu. Ni ya wenyewe, na pia ni mengi mno. Lakini alisoma hivi: sisi wote wa shimo la juu, fulani na fulani na fulani na fulani, na yule anayevuta maji, na mke wake, na mama anayeuza mandazi kwenye mlango wa machimbo, tunamsalimia fulani wa Kasongo mtaa wa sokoni, na watoto wake, na jirani yake yule wa cherehani, na kwaya yote ya vijana, na imamu aliyetuombea dua, na timu ya mpira ya Lusangi, hata wale waliofungwa juzi. Na anasoma. Wimbo ukaisha. Nikaweka mwingine. Akageuza karatasi upande wa pili. Wimbo wa pili ukaelekea ukingoni, na mama mkubwa bado yuko Salamabila.

Hapo nikapigwa na kitu kichwani. Karatasi ile yote, na watu wake wote, kwangu ni mstari mmoja!

Nilitaka kusimama na kukimbilia kompyuta, lakini mtu wa meza ya sauti akiondoka redio inakufa. Nikabaki nimekaa, miguu inacheza chini ya meza. Nilikuwa nacheka peke yangu. Mama mkubwa akaniona kupitia kioo, akanikazia macho, akadhani namcheka yeye siku ya kufa kwa kipindi chake. Nikamwashiria kwa mikono kwamba siyo hivyo, nikawa nazidi kuonekana kichaa.

Maana fikiria. Mtu wa Kasongo mjini ana simu yake na vocha yake. Anapiga peke yake, anaomba wimbo, anakata. Mstari mmoja, mtu mmoja. Kule Kabambare watu wanakusanyika kwenye redio moja, na mwenye simu akipata mtandao juu ya kilima hatumi salamu zake peke yake. Ataanzaje? Akirudi chini bila kuwataja wenzake, nani atamgawia chai? Anabeba kambi nzima ndani ya mesaji moja. Na mimi kwenye jedwali langu niliipunguza upana safu ile ya maneno ili ipendeze, kisanduku kikaonyesha hodi tu: "Mama wa redio, tunakusalimia sana". Watu wote wamejificha nyuma yake.

Kesho yake, jua lilipochomoza tu, nilikuwa mezani. Nilianza na amri ya kuondoa zile hodi za mwanzo, maana zilijirudia kila mahali na kunichafulia kazi. Kisha nikaandika amri ya kupasua maneno kila palipo na mkato au kiungo cha "na", na baada yake amri ya kutandaza, ile inayochukua kila kipande na kukipa mstari wake. Mara ya kwanza ilipasua hadi majina ya watu katikati, nikapata nusu-watu tele. Nikarekebisha. Mara ya pili ikaniletea mtu anayeitwa "wengine wote". Huyo alikuwa maarufu sana, yumo karibu katika kila ujumbe. Hapo nikajiuliza, "wengine wote" ni wangapi? Kundi la shimo moja linaweza kuwa kubwa kuliko kwaya. Lakini mimi ni mtoto wa ndugu. Nikajiwekea sheria: kila penye shaka, shaka imwumize mama mkubwa. "Wengine wote" nikawahesabu mtu mmoja. Kwaya nzima, mtu mmoja. Timu ya Lusangi, pamoja na waliofungwa, mtu mmoja.

Halafu, ili haki iwe haki, nikapitisha amri nyingine kwa vipindi vyote: mtu akijirudia siku ile ile, mhesabu mara moja. Nikabonyeza.

Kijiti cha mama mkubwa kikapanda. Kikapita kilimo, kikapita afya, kikapita mpira. Na kile kirefu cha muziki kikashuka taratibu kama mtu anayetafuta kiti, kwa sababu nusu ya waliokuwa wakipiga jioni walikuwa wale wale, wakipiga na kupiga, na mmoja wao nilimjua namba yake kwa kichwa. Nilicheza. Kweli nilisimama nikacheza, peke yangu, mbele ya kompyuta, asubuhi ya Jumamosi.

Mkutanoni tulikuwa watu wachache tu: Mkurugenzi, fundi, watangazaji, na mimi na kompyuta yangu katikati ya meza, na hapana kikombe chochote karibu. Nikawaonyesha vijiti vipya, nikawaeleza amri moja baada ya nyingine, na nikawaambia wazi: "Miye ni mutoto wake, kwa hiyo mutazame ndani ya kisanduku, amri zote ziko wazi." Mtangazaji wa muziki akavua miwani yake ili aone vizuri kilichompata.

"Hawa wanapiga mara nyingi ni mapenzi," akajitetea.

"Mapenzi ya namba moja ile ile," nikasema. "Mwambie akupigie kwa simu yako."

Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akakubali yaishe. Lakini Mkurugenzi akainua kidole. Yeye ni mwalimu. Kidole chake kikipanda, hata kuku nje wananyamaza.

"Ngoja. Mwenye kutuma salamu anasikiliza, nakubali. Lakini mwenye kusalimiwa, tunajuaje kama alisikiliza? Labda alikuwa shambani. Labda alilala."

Lilikuwa swali zuri, na lilinichoma, kwa sababu hesabu yangu yote ilisimama juu ya watu hao. Sikuwa nimeliwaza. Kabla sijafungua kinywa, mama mkubwa, ambaye hadi hapo alikuwa amekaa na kitenge chake mabegani kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi ya jirani, akasimama.

"Direkta, unasema nini? Mutu asalimiwe, anyamaze? Hiyo ni kwa nani? Kwetu salamu haiangukake chini. Mutu akikusalimia mu redio, hata kama hukusikia weye mwenyewe, jirani atakuja kukuambia, na utatafuta simu, utatafuta pikipiki, utarudisha. Usiporudisha, siku ukienda kule watakuuliza tulikukosea nini. Mutu wa kunyamazia salamu miye sijamuona bado."

Akakaa. Na mimi tayari mikono ilikuwa kwenye vitufe, kwa sababu alikuwa amenipa kazi ya kufanya. Kama salamu hainyamaziwi, basi mtu aliyesalimiwa juma hili lazima aonekane juma linalofuata, sasa akiwa upande wa wanaotuma. Python inaweza hilo. Unazo safu mbili, ya waliosalimiwa na ya waliotuma. Unaiambia izishone pamoja kwa jina, na ikuonyeshe nani aliyepokea kisha akajibu. Watu wale wale majina yao yanaandikwa kila namna, lakini hilo nilikuwa nimeshalisawazisha asubuhi. Nikaandika mbele yao wote. Nikabonyeza.

Kisanduku kikasema kina shughuli.

Tukangoja. Wingu likafunika jua, ile mashine ya batri ikaanza kulia pii, pii. Fundi akasema dishi linaweza kuzimika. Mama mkubwa alikuwa anatazama kile kisanduku kama unavyotazama sufuria ya mgeni wakati kuni zimelowa, na mimi sikujua jibu lingekuwa nini. Kama watu hawakuwa wakijibu, ilikuwa imekwisha, na ningekuwa nimemmaliza mara mbili. Ghafla Mkurugenzi mwenyewe akainuka, akachukua kitambaa cha kufutia ubao, akatoka nje. Tukasikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Alikuwa juu ya paa, na suruali yake ya pasi, anafuta vumbi kwenye paneli za jua.

Wingu likapita. Pii ikanyamaza. Jibu likafika.

Walikuwa wanajibu. Siyo wote, lakini wengi, wengi mno. Mstari baada ya mstari, aliyesalimiwa kutoka Salamabila anajibu kutoka Kasongo, aliyesalimiwa kutoka Kasongo anajibu kutoka Lusangi, na wa Lusangi anaongeza na shemeji yake. Na kijiti nilichochora kwa hao waliojibu peke yao, bila kumhesabu hata mmoja wa wasiojibu, bado kilikuwa kirefu kuliko vyote. Fundi akapiga meza. Mtangazaji wa muziki akamkumbatia mama mkubwa, akamwambia, "Mama, nipe kijiti yako kidogo." Mimi nilikuwa nalia na kucheka, na sioni haya kusema hivyo.

Mkurugenzi akarudi na magoti mekundu ya vumbi. Akatazama, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza kama mtu wa foleni anavyouliza:

"Vizuri. Sasa kama si ule, kipindi cha kijiti kifupi kabisa ni gani?"

Nikajibu kwamba sasa kifupi ni cha kilimo. Mtangazaji wa kilimo akajikunja. Lakini kitu kilikuwa kinanisumbua tangu asubuhi. Jedwali langu linahesabu ujumbe. Kipindi kisichoandikiwa kamwe hakina mstari, na kisicho na mstari hakipati kijiti, hata kifupi. Asiyekuwepo na lake halipo. Nikachukua ratiba ya redio iliyokuwa ukutani, nikaandika vipindi vyote kimoja kimoja, nikaiambia hesabu ivilete vyote, hata visivyo na kitu.

Kikatokea kipindi kimoja kipya upande wa kulia. Jina lilikuwepo chini, juu yake hapana chochote. Sakafu tupu.

Kilikuwa cha Mkurugenzi. Saa nzima ya mawaidha, kila Jumapili baada ya misa. Watu walimheshimu sana, hadi hawakuwahi kumwandikia.

Fundi akaanza kukagua bisibisi yake. Mimi nilitamani chai imwagike kwenye kompyuta, hata kwa ruhusa yangu. Mkurugenzi akavaa miwani ya kusomea, akasogea karibu, akaweka kidole pale ambapo kijiti kingekuwa.

"Hii ni yangu?"

Akatazama tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Alicheka hadi akakaa.

"Bibi yangu, mama watoto, aliniambia," akasema. "Tangu zamani sana. Na miye nikamwambia hana ushahidi."

Akaichukua kalamu akakifuta kipindi chake kwenye ratiba kwa mkono wake mwenyewe. Mkutano ukaishia hapo. Siku ile tulikula wali na samaki wa mto Lualaba kwa mama mkubwa, redio nzima, na Mkurugenzi alikula mara mbili.

Hadithi ingeweza kuishia kwenye samaki. Lakini mimi nina ugonjwa: nikishapata mchoro mmoja nataka mwingine. Juma lililofuata, jua likiwa jingi na kazi chache, nikajiuliza swali la kujifurahisha tu. Katika watu wote hawa, wa Kasongo na wa Kabambare, nani anasalimiwa kuliko wote? Niliwaza atakuwa yule mama wa mandazi. Nikaandika amri, na safari hii nikasahau kuweka ile ya kuondoa hodi. Jibu likarudi upesi. Mama wa mandazi alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mbali juu yake, kijiti kimetoboa mchoro hata mashine ikalazimika kuvidogosha vingine vyote ili kienee.

"Mama wa redio, tunakusalimia sana, uko muzima?"

Nilichapisha kwenye karatasi mbili na kuzigundisha, moja juu ya nyingine. Alasiri nikaingia studio kabla hatujaanza, nikamwekea mezani. Akafuata kwa kidole, akapanda, akapanda, akavuka ile gundi.

"Na huyu mtukufu ni nani?"

"Ni weye, mama mukubwa."

"Miye? Miye ninasomaka tu." Akasukuma karatasi. "Ile ni ya kufungulia mlango. Wanasema hivyo kwa adabu."

"Wameuliza kama uko mzima. Kila siku, miaka yote," nikamwambia. "Na weye unajibu nini? Unasema asante, tuendelee. Si ulituambia mbele ya Direkta kwamba mtu wa kunyamazia salamu hujamwona bado?"

Mama mkubwa, ambaye sijawahi kumshinda kwa maneno tangu nizaliwe, akaivuta tena karatasi aliyoisukuma. Akaitazama ile karatasi ndefu, na macho yake yakajaa maji, na hakuyaficha. Kisha akavuta maikrofoni karibu, akanipa ishara niwashe, na wala hakungoja muziki wa kufungulia.

"Watu wa Kabambare," akasema, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kibangubangu. "Niko muzima."

Akaniomba majina. Nikamwekea jedwali mbele yake, mistari yote, na akaanza kumjibu mtu mmoja mmoja kutoka juu. Saa yake ikaisha bado yuko kwenye shimo la juu. Mkurugenzi alichungulia mlangoni, akaangalia saa, akasema ile nafasi yake ya Jumapili iko wazi na batri zitajua la kufanya. Basi kila Jumapili, baada ya misa, mama mkubwa anaendelea pale alipoishia. Hajamaliza mpaka leo, kwa sababu wanamjibu.